Mgao wa Mwaka wa Ukame: Namna ya Kuunda Jumuiya ya Watumia Maji ya Mfongo katika Miteremko ya Moshi

Mwongozo huu unawahusu wakulima wanaotumia mfongo mmoja, yaani mfereji wa jadi wa kumwagilia, au mto mmoja wenye mifongo kadhaa, kuanzia vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba na kahawa, hadi mashamba ya tambarare kusini mwa mji wa Moshi. Unaeleza namna ya kuunda jumuiya ya watumia maji inayotambuliwa kisheria, namna ya kupima maji yenu wenyewe, na zaidi ya yote namna ya kuandika mgao wa mwaka wa ukame kabla ukame wenyewe haujafika. Nimelipa uzito jambo hilo la mwisho kwa sababu nimeshuhudia jumuiya yenye katiba nzuri, muhuri na daftari la wanachama ikivunjika ndani ya wiki tatu za mwezi Februari, pale maji yalipopungua na ikabainika kwamba hakuna mahali palipoandikwa nani apunguze matumizi, apunguze kwa kiasi gani, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Maji yenu yanatoka wapi

Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba mito ya Kilimanjaro inalishwa na theluji ya kilele cha Kibo, na kwa hiyo barafu ikiisha na mito itakauka. Ni kweli kwamba barafu imepungua mno. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililokuwa na barafu mwaka 1912 sasa ni mwamba mtupu. Hata hivyo, maji yanayotokana na barafu ni sehemu ndogo sana ya maji ya mito yetu. Sehemu kubwa hutoka katika ukanda wa msitu, ambako mvua hunyesha kwa wingi na ukungu hunaswa na matawi na ukoga wa miti, kisha maji hayo hunyonywa na udongo na kuibuka chini yakiwa chemchemi. Ninalieleza hili mwanzoni kwa sababu linabadilisha namna ya kufikiri: mtu anayeamini kwamba maji yake yameisha huko kileleni hukata tamaa, ilhali anayejua kwamba yanatunzwa na msitu, na kingo za mto, na mfereji anaoupita kila siku, huona kwamba kuna kazi anayoweza kuifanya kwa mikono yake.

Mabadiliko ya tabianchi yanatufikia kwa njia nyingine. Joto likipanda, udongo na mimea hupoteza maji kwa kasi zaidi, hivyo shamba lile lile huhitaji maji mengi zaidi kuliko zamani. Aidha, kwa kila nyuzi joto 1 ya Selisiasi inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, jambo linalofanya mvua kubwa ziwe kubwa zaidi zinaponyesha. Masika ambayo wazee waliihesabu kuanzia Machi hadi Mei yanaweza kuchelewa, kisha yakamwagika kwa siku chache na kubomoa banio, yaani kizuizi kinachoelekeza maji ya mto kwenye mfongo. Jumuiya yenu basi inapaswa kujiandaa kwa mambo mawili yanayoonekana kupingana: maji haba mno, na maji mengi mno kwa wakati mmoja.

Tembeeni mfongo wote

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, watu watano au sita, wakiwemo wa juu, wa katikati na wa mkiani, watembee mfongo wote kutoka kwenye banio hadi pale maji yanapoishia. Waende na daftari. Waandike kila tundu la kuchepushia maji, kila mahali panapovuja, kila mpira uliozamishwa mferejini, kila kihamba kinachonufaika na jina la mwenye nacho. Waandike pia walipoona shughuli za kilimo au ujenzi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chemchemi, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri hifadhi ya eneo hilo. Mchoro wa mkono unatosha. Matembezi haya yana faida ambayo ramani ya kitaalamu haiwezi kuileta: mtu wa juu akifika mkiani na kuona mama akikinga maji kwa bakuli kutoka kwenye tope, majadiliano ya baadaye huwa na adabu zaidi.

Pimeni maji

Hapa ndipo jumuiya nyingi hukwama, na ningewasihi mpatilie mkazo kuliko mahali pengine popote. Ugomvi mwingi wa maji ni ugomvi wa makadirio. Katika mfongo ninaoutumia, wa juu waliapa mwaka mmoja kwamba wanachukua nusu tu, wa chini wakaapa kwamba hawajapata hata robo, na mtaalamu alipofika akauliza kipimo, tukatazamana. Hatukuwa na tarakimu hata moja.

Njia ya kwanza ni ya kuelea, na haihitaji kifaa cha kununua. Chagueni sehemu ya mfereji iliyonyooka yenye urefu wa mita 10. Pimeni upana na kina cha maji mahali kadhaa ili mpate wastani. Dondosheni ganda la chungwa katikati ya mkondo na mhesabu sekunde linazotumia kupita mita hizo 10. Rudieni mara tano na mchukue wastani. Tuseme upana ni mita 0.5 na kina ni mita 0.2, basi eneo la mkondo ni mita za mraba 0.1. Ganda likitumia sekunde 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni 0.1 kwa 0.4, mpate mita za ujazo 0.04 kwa sekunde, ambazo ni lita 40. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayosuguana na udongo, zidisheni tena kwa takriban 0.8. Jibu ni lita 32 kwa sekunde.

Njia ya pili ni bora kwa matumizi ya kila siku. Tengenezeni kizuizi cha ubao mgumu au bati nene chenye pengo la umbo la V, pembe yake ikiwa nyuzi 90 kamili, mkipachike mferejini kiasi kwamba maji yote yapite kwenye pengo hilo na kudondoka kwa uhuru upande wa pili. Simikeni rula nyuma ya kizuizi, upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kina mnachotarajia kupima, sifuri ya rula ikiwa sawasawa na ncha ya chini ya V. Kina cha sentimita 5 ni takriban lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4, sentimita 15 ni lita 12, sentimita 20 ni lita 25. Tazameni vizuri tarakimu hizo. Kina kikiongezeka mara mbili, kutoka sentimita 10 hadi 20, maji huongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana jicho hudanganya, na mtu anayesema kwa moyo safi kwamba maji yamepungua kidogo anaweza kuwa amepoteza nusu yake.

Someni rula kila siku saa moja asubuhi, muandike. Mfongo ukipita karibu na shule, ombeni wanafunzi wa darasa la sita waifanye kazi hiyo chini ya mwalimu wao; watoto huandika bila kupendelea upande wowote. Kipimo cha kuaminika kwa ajili ya mipango si cha Aprili bali ni cha wiki kavu kuliko zote, kwa kawaida kati ya Januari na Machi kabla ya masika, na tena kuelekea Oktoba kabla ya vuli.

Mkutano, katiba na usajili

Mkutano wa kuunda jumuiya uitishwe kwa kushirikiana na serikali ya kijiji, na muhtasari wake uandikwe na kusainiwa. Ninalo neno moja juu ya mahudhurio. Kwa desturi, vikao vya mfongo vilikuwa vya wanaume, vikiongozwa na mzee wa mfongo, ilhali anayeamka kuchota maji, kuosha vyombo na kunywesha ng'ombe wa ndani ni mwanamke. Anajua saa ambayo maji hukatika kuliko mtu yeyote kijijini. Kamati isiyo naye inapanga mgao kwa kubahatisha. Vilevile, wekeni katika katiba kwamba angalau theluthi moja ya wajumbe watoke mkiani mwa mfongo, kwa sababu wa juu hupata maji hata wasipohudhuria kikao.

Desturi zenyewe msizitupe. Mifongo yetu ina umri wa karne kadhaa, na iliendeshwa kwa zamu, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa kusafisha mfereji, na kwa faini ya mbuzi au pombe kwa aliyekwepa kazi hiyo. Jumuiya ya kisheria inakuja kuyapa mambo hayo kinga na maandishi.

Msajili wenu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoanzishwa mwaka 1991 na yenye makao yake hapa Moshi. Inafanya kazi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009, ambayo inaipa jumuiya ya watumia maji nafasi ya kusimamia na kugawa maji ya chanzo kinachotumiwa kwa pamoja, kumiliki kibali, kusuluhisha migogoro ya wanachama na kukusanya ada za matumizi ya maji kwa niaba ya bodi. Watu wengi hupoteza siku kwa kwenda ofisi isiyohusika, kwa hiyo tofautisheni: maji ya bomba vijijini yapo chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa mujibu wa Sheria Na. 5 ya mwaka 2019. Maji ya bomba mjini ni ya mamlaka ya maji ya Moshi. Skimu za umwagiliaji zinahusiana na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji. Mto wenyewe, chemchemi na mfongo unaochepusha maji ni shughuli ya bodi ya bonde. Pelekeni muhtasari, katiba, orodha ya wanachama, mchoro wa mfongo na, ikiwa mnavyo, vipimo vya miezi michache. Akaunti ya benki na watia saini watatu ni mambo ya kawaida ambayo kila kikundi kinayajua.

Kibali

Kuchota maji kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Kuchepusha mto kwa ajili ya kumwagilia kunahitaji. Sheria inatambua pia haki za kimila za maji, na ni busara kuzifikisha kwenye bodi ziandikwe, kwa maana haki iliyo vichwani mwa wazee huzikwa pamoja nao.

Msiombe kiasi cha maji mlichokiona Aprili. Mto hauangalii karatasi, na vibali vinavyojumlishwa kwa hesabu ya msimu wa mvua huahidi maji ambayo Februari hayapo kabisa. Ombeni kwa kuonyesha vipimo vya kiangazi, na mjue kwamba sheria imepanga vipaumbele: kwanza mahitaji ya binadamu nyumbani, pili maji yanayobaki mtoni kwa ajili ya uhai wa mazingira, ndipo kilimo, viwanda na umeme. Bodi inaweza kupunguza matumizi wakati wa uhaba. Haifanyi hivyo kwa kuwaonea. Maji ya mito yetu hukusanyika kupitia mito ya Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, kisha huendelea kupita Korogwe na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani kabla ya kumwagika Bahari ya Hindi. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu naye ni mtumiaji wa mfongo wenu, ingawa hajawahi kuuona.

Mgao wa mwaka wa ukame

Uandikeni katika mwaka wa mvua nzuri, wakati hakuna anayejua kama yeye ndiye atakayeumia. Mtu mwenye kiu hawezi kukubali kanuni inayompunguzia. Mtu mwenye maji huikubali, kwa kuwa anajua huenda kesho ikamlinda.

Kanuni ya msingi ni kugawana mafungu badala ya lita. Mkiandikiana kwamba kila kihamba kipate lita kadhaa, siku maji yakiwa nusu, wa kwanza watachukua zao zote na wa mwisho watabaki na mfereji mkavu. Mkiandikiana saa za zamu, upungufu unamgusa kila mmoja kwa uwiano ule ule. Kisha fungeni mgao huo kwenye rula, ili asiwepo mtu wa kutangaza ukame kwa hisia zake. Kwa mfongo mdogo mnaweza kuandika hivi, mkibadilisha tarakimu kulingana na vipimo vyenu. Rula ikisoma sentimita 15 au zaidi, zamu zote zinaendelea kama kawaida. Ikishuka chini ya 15 kwa siku tatu mfululizo, saa za kila mtu hupunguzwa kwa theluthi moja na hairuhusiwi kupanda upya mboga au mpunga. Ikishuka chini ya 10, humwagiliwa migomba, kahawa na vitalu vya miche pekee, kwani mti uliokufa huchukua miaka kurudi ilhali mchicha huchukua wiki. Ikifika 5, umwagiliaji husimama na maji yote huwa ya nyumbani na mifugo. Msidharau kiasi hicho cha mwisho: lita 0.8 kwa sekunde, zikiachwa zipite usiku na mchana bila kuibwa, ni zaidi ya ndoo 3,000 za lita 20 kwa siku.

Saa za zamu nazo zina hila yake. Maji yakifunguliwa saa kumi na mbili na kumfikia wa mkiani saa mbili, masaa mawili yameliwa na udongo wa njiani. Andikeni kwamba saa ya kila mtu huanza kuhesabiwa maji yanapofika kwenye lango lake. Katika ngazi ya upungufu, zungusheni zamu kwa kuanzia mkiani kwenda juu, na zamu za usiku zigawanywe kwa kura kila mwezi, wajane na wanawake wanaoishi peke yao wakiachiwa za mchana. Aliyekabidhiwa kugawa maji alipwe kitu. Mgawa maji asiyelipwa na jumuiya hulipwa na mtu mwingine.

Hesabu ya shamba ifanyeni pia. Ekari moja ya mazao inayohitaji milimita 5 za maji kwa siku hutumia takriban lita 20,000 kwa siku, yaani lita 140,000 kwa wiki. Kwa mkondo wa lita 10 kwa sekunde, hizo ni saa nne hivi kama hakuna tone linalopotea; katika mfereji wa udongo unaopoteza nusu, ni saa nane. Kuziba mahali panapovuja kwa udongo wa mfinyanzi au saruji kunaweza kuwarudishia saa nne ambazo hakuna mvua itakayowapa.

Nduwa, yale mabwawa madogo ya wazee wetu, yanastahili kufufuliwa. Mkondo wa lita 5 kwa sekunde ukikusanywa kwa saa 12 za usiku hujaza mita za ujazo 216, ambazo hutosha katika shimo la mita 12 kwa 12 lenye kina cha mita 1.5. Likiwekewa ukingo imara, uzio kwa ajili ya watoto, na njia pana ya kumwagia maji yanayozidi, bwawa hilo huondoa ulazima wa mtu kushika taa na jembe saa nane za usiku.

Adhabu zipande kwa ngazi: onyo mbele ya kamati, faini ndogo, kupoteza zamu moja, kisha kupelekwa kwenye bodi. Faini kubwa kwa kosa la kwanza haitozwi kamwe, na ikishindikana kutozwa mara moja, katiba nzima imekufa. Mwenyekiti atozwe kama wengine.

Mvua kubwa na majirani

Teueni mtu wa zamu wa kufunga banio kila Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, kwa sababu mfongo uliojaa kwenye mteremko hupasuka na kuporomosha shamba la jirani. Kingoni pandeni mringaringa na mkuyu, na msipande mikaratusi karibu na chemchemi.

Mwisho kabisa, jumuiya moja haiwezi kuulinda mto peke yake. Skimu ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ilikuwa na mifereji ya zege na malango ya chuma, lakini wakulima wa juu nao walipoanza kulima mpunga kwa maji ya mto Rau, majaruba ya chini yalikosa maji. Hakukuwa na kasoro katika zege. Kwa hiyo kila mwaka mwezi Februari, utabiri wa masika unapokuwa mikononi mwenu na mto ukiwa umeshuka, kutaneni na kamati za mifongo yote ya mto huo, kila moja ikija na daftari lake la rula. Someaneni tarakimu kwa sauti, kuanzia mfongo wa juu kabisa, na kabla ya kuondoka kubalianeni siku ambayo kila banio litafungwa ili maji yafike kwa wa chini, mtu wa kila mfongo atakayesimama hapo kushuhudia, na saa atakayoondoka.